Wajapani wanachanganya vipi sauti za mvua na ndege na biti? Bahari yangu yatoka shwaaa tu

mtoto_wa_kuze ameuliza:

Asalaam aleikum wadau. Naomba msaada wenu manake nimekwama na hii kitu miezi sasa. Mimi natengeneza biti (midundo ya muziki) hapa Mji wa Kale, Mombasa, nina leptopu ya zamani, hedifoni moja nzuri na simu ya kurekodia, basi. Kuna jamaa yangu afanya kazi melini, alinitumia ngoma za Mjapani mmoja aitwa Yosi Horikawa, nkaanza na ile "Bubbles", wallahi nilikaa kitandani nkairudia mara sita. Vipira vinaanguka na kuruka mbele ya maskio yako, kimoja kushoto kimoja kulia, mwanzo wadhani ni vitu vimemwagika tu, halafu washtukia kumbe tayari ni biti na kichwa kishaanza kuitikia. Iko nyingine "Letter", hiyo ni penseli inaandika kwa karatasi, ile kwaruza kwaruza yenyewe ndio mdundo.

Sasa mimi nkasema kama yeye ameweza na penseli, mimi nina bahari nzima hapa nyuma ya Ngomeni (Fort Jesus). Nkaenda alfajiri baada ya kuswali, nkarekodi mawimbi nusu saa, nkarudi mbio kuyaweka chini ya biti niliyokuwa nayo. Shwaaaa. Ndio hiyo tu. Nkiyashusha hayaskiki kabisa, nkiyapandisha yafunika hai-hati (ile tss tss ya visahani vya dramu) zote mpaka besi yenyewe yapoteza nguvu. Nkajaribu kunguru (si mwawajua walivyo wengi huku), waskika kama redio ya jirani imeachwa wazi. Kila nkiskiza najua kuna biti halafu kuna bahari, vitu viwili vimekaa chumba kimoja na havisemezani.

Hawa Wajapani wafanyaje? Ni mitambo wanayo mimi sina ama ni kitu chengine? Na mbali na Horikawa nianze kuskiza nani, manake nataka kujifunza hii kitu kwa dhati.

---

fundi_spika_majengo amejibu:

Wa aleikum salaam kaka. Bahari yenyewe ndio yakuponza. Mawimbi ukiyarekodi kwa mbali yana kila sauti ndani yake, kuanzia besi mpaka trebo ya juu kabisa, zote kwa wakati mmoja na kwa nguvu karibu sawa, ni kama redio isiyoshika steshoni. Kitu kama hicho ukiweka kwa biti ni lazima kifunike vyengine, hai-hati yaishi hukohuko juu na besi hukohuko chini, hakuna pa kukimbilia.

Sasa skiza vile Horikawa afanya. Hakurekodi "uwanja wa mpira", amerekodi kipira kimoja kwa karibu sana. Na kipira kikianguka kina biti yake tayari, tak... tak.. tak tak taktaktak, kila kikiruka chapanda kidogo kuliko mara ya kwanza kwa hivyo miruko yazidi kukaribiana. Hiyo ni hesabu ya dunia yenyewe, yeye amekuja akajenga dramu zake kuifuata. Hakukilazimisha kipira kiingie kwa ile mistari ya kompyuta ya kupangia mapigo. Wengi wetu twafanya kinyume, twachora mistari kwanza halafu twachukua ndege wa watu twamkata mabawa atoshe.

Kwa hivyo rudi baharini, achana na mawimbi ya mbali, tafuta pale penye mwamba wenye matundu maji yakiingia yatoa "glup" yakitoka yatoa "fsss". Weka simu karibu, kama dhiraa moja hivi, rekodi hiyo glup peke yake dakika kumi. Ukifika nyumbani ikate vipande vifupi vifupi, kila kipande nusu sekunde ama chini ya hapo, na uchague kama vinane tu vilivyo safi. Ondoa kila kitu kilicho chini ya hezi 150 hivi (zile sauti nzito za chini) kwa vile vipande vyepesi, manake huko chini ni upepo tu na mtetemo wa mkono wako. Glup nzito zaidi igeuze iwe kiki yako (ile dramu kubwa ya chini), ifanye nzito zaidi mpaka ipige kifua. Fsss ndio hai-hati. Hapo sasa bahari haitagombana na dramu manake bahari ndio dramu. Na kama bado wataka ule mvumo wa nyuma, uweke mdogo na uufunge na kiki, yani kila kiki ikipiga mvumo urudi nyuma kidogo halafu urejee, utaona biti imeanza kuvuta pumzi.

Jambo la simu usilipuuze. Programu nyingi za kurekodi zimetengenezewa mtu akiongea, zaona mvumo wa bahari ni kelele na zaufuta, halafu kukiwa kimya zapandisha sauti zenyewe. Tafuta programu inayokuwezesha kuzima hayo yote na kuhifadhi faili bila kuibana. Na upepo, kaka, upepo ndio adui mkubwa wa mtu wa pwani. Kata sponji ya godoro uivalishe maiki, simama nyuma ya ukuta, na ukiweza ngojea maleleji, kusi likiwa limeshika hutapata kitu hapo Ngomeni.

Ngoma ya kuskizia darasa hili ni "Drop" ya Cornelius, iko kwa albamu yake "Point" ya 2001. Maji yanadondoka, na ndio yashika saa ya wimbo. Vaa hedifoni.

---

swabra_tudor amejibu:

Nakubaliana na fundi lakini nataka kuongeza kitu manake huu muziki mimi naupenda kwa muda mrefu na kila mtu akiuleta hapa yazungumzwa mitambo tu.

Kuna ukoo mzima nyuma ya Horikawa. Miaka ya 80 Japani kulikuwa na watu wakiita kazi yao kankyō ongaku, maana yake muziki wa mazingira. Muingereza Brian Eno alikuwa ametoa albamu "Music for Airports" mwishoni mwa miaka ya 70, Wajapani wakaichukua fikra hiyo wakaiingiza kwa majumba yao, makumbusho, maduka. Mwenye moyo wangu ni Hiroshi Yoshimura. Albamu yake ya kwanza, "Music for Nine Post Cards" ya 1982, aliirekodi nyumbani na vinanda vichache, halafu ikawa inapigwa kwa jumba moja la sanaa Tokyo, la Hara. Ndani yake hakuna ndege hata mmoja lakini ukiiskiza waona dirisha, mawingu, kivuli cha mti kinatembea.

Na hapa ndipo nataka uniskize mdogo wangu. Mwaka 1986 alitoa "Green". Ilipopelekwa Marekani, toleo la huko liliongezewa sauti za maji na ndege juu ya muziki. Yeye mwenyewe Yoshimura alipendelea ule mchanganyiko wa mwanzo, usio na nyongeza. Alifariki 2003, na ilipotolewa upya 2020 ndio wakarudisha ule alioutaka. Mimi nimeskiza zote mbili, siku mbili mfululizo, jioni nkipika. Ile yenye maji na ndege ni nzuri, siwezi kusema uongo, lakini yakuambia "hapa ni porini, tulia". Ile ya kwanza haikuambii chochote, na baada ya dakika kumi nkajikuta naskia mvua ya kweli kwa mabati ya jirani na majani ya mwembe wetu kama vile ni sehemu ya wimbo. Masikio yangu ndio yalifunguliwa. Kwa hivyo wewe unaposema bahari na biti havisemezani, labda biti yako imejaa mno haina mlango wa bahari kuingilia. Jaribu kutoa vitu kabla hujaongeza.

Wengine wa kuskiza: Midori Takada, "Through the Looking Glass" ya 1983, yule ni mpiga ngoma na marimba, ndege wamo na wamekaa pahali pao. Takashi Kokubo pia, huyu mtu amezunguka dunia akirekodi mawimbi na misitu na maiki zilizotiwa ndani ya kichwa cha sanamu, kwa hivyo ukivaa hedifoni waskia kama uko pale. Albamu yake "Get at the Wave" ya 1987 ilitengenezwa kwa ajili ya kampuni ya Sanyo iliyokuwa ikiuza viyoyozi, fikiria, wanunua kiyoyozi wapewa na upepo wa bahari wa kuskiza. Na ni yeye huyohuyo aliyetengeneza ule mlio wa kuonya tetemeko la ardhi kwa simu za kampuni ya Docomo huko Japani. Mtu mmoja, mlio wa kukulaza na mlio wa kukuamsha ukimbie.

Ukitaka pa kuanzia pamoja pote, kuna mkusanyo waitwa "Kankyō Ongaku" uliotoka 2019, una nyimbo za 1980 mpaka 1990. Ulifika mpaka kuteuliwa kwa tuzo za Grammy.

---

kisauni_bass amejibu:

Mumesahau Ryuichi Sakamoto jamani, yule mtunzi wa Kijapani!! Albamu yake "async" ya 2017. Alipiga piano iliyozama kwa maji ya tsunami ya 2011 kule Miyagi, nyuzi zimelegea zimeharibika, na hakuitengeneza, aliipiga vilevile. Kwa filamu moja inayomhusu yuko nje kwenye mvua amejivika ndoo kichwani ili askie matone yanavyopiga. Mzee mzima, jina lake lajulikana dunia nzima, na ndoo kichwani. Alifariki 2023, niliumia.

Na tusiende mbali, wa Nairobi yupo KMRU, albamu yake "Peel" ya 2020, amejaza sauti za mitaa na mazingira. Hana dramu nyingi lakini utajifunza uvumilivu. Na kama wataka Mjapani aliyekuja mpaka huku kwetu Afrika Mashariki, Scotch Rolex alikuja Kampala akatengeneza albamu "Tewari" 2021 na watu wa huku, akiwemo rapa MC Yallah. Hiyo ni fujo tupu si ya kulalia, haina ndege wala maji.

---

mama_wawili_mikindani amejibu:

Mimi si mtu wa muziki sana, mume wangu ndio aliyenionyesha huu mjadala, lakini nina ombi kwa kijana. Ukizunguka kurekodi usichukue adhana ukaiweka kwa biti. Najua yapendeza na najua iko kila mahali hapa kwetu, lakini ile ni ibada, mtu akiiskia kwa spika za klabu mahali ataumia moyo. Na watu wakiongea sokoni pia waombe ruhusa, sauti ya mtu ni yake. Hii mikoko ya huku Mikindani maji yakikupwa matope yatoa sauti zake, tik tik tik, kaa na vijisamaki na mapovu yanapasuka, njoo urekodi hiyo, haina mwenyewe.

---

mtoto_wa_kuze amejibu:

Wallahi sikutarajia haya yote, Mungu awabariki. Mama wa Mikindani nimekuelewa na nakubali kabisa, adhana sijawahi kuigusa na sitaigusa. Hiyo tik tik ya matope ntakuja, nasubiri maji ya bamvua.

Dada Swabra nimeiskiza Green usiku wa jana. Nimefuta nusu ya biti yangu.

---

mzee_wa_kibokoni amejibu:

Vijana, nimewasoma kutoka juu mpaka chini, wajukuu wangu ndio walionionyesha hapa pa kuandikia, mtanisamehe nkikosea. Naona mwasema Japani kama ni mbali. Nataka niwaambie sauti ya Japani imekaa humu Mombasa tangu mimi mdogo. Tashkota. Kile kinanda kinachopigwa kwenye tarabu za huku, kina vibonyezo kama vya taipureta na nyuzi chini, mkono mmoja wabonyeza mwengine wakwangua nyuzi, chatoa ile sauti ya kulialia. Chatoka Nagoya, huko kwao huitwa taishōgoto na kilibuniwa 1912 na mtu aitwaye Goro Morita. Maarusi wangapi wamechezewa harusi zao hapa Mjini na kinanda cha Mjapani na hawakujua? Tulikifunga umeme, tukakipigisha mahadhi ya Kihindi na ya Kiarabu, kikawa chetu. Kwa hivyo kijana wa Kuze, wewe huanzi safari mpya, waendeleza iliyopo.

La pili. Zamani nkifanya kazi melini tulitia nanga Nagoya siku kadhaa, mwenyeji wetu mmoja akatupeleka bustanini kwa hekalu lao. Kulikuwa na birika la jiwe la kunawia mikono. Akateka maji na kata akayamwaga chini kwenye changarawe, halafu akatuashiria tuiname. Nkatega sikio. Chini ya ardhi kulikuwa kukilia kitu, ting... tong... ting, kama mtu apiga kinanda kwenye kisima. Nkadhani kuna mashine. Akatueleza kwamba ni mtungi wamefukia, umepinduliwa kichwa chini, matako juu na yametobolewa tundu dogo. Maji ya kunawia yapita kwenye tundu tone kwa tone yaangukia kwenye maji kidogo yaliyotuwama ndani, na mtungi ule wageuka kuwa kifua, wakuza mlio. Waita suikinkutsu, yani pango la kinanda cha maji. Ni vitu vya enzi za Edo, yani Japani ya zamani, vilikaribia kusahaulika kabisa, kwenye miaka ya 80 ndio wakaanza tena kuvifukua na kuvijenga.

Sasa nasoma mwasema Wajapani wamechanganya sauti za asili na mitambo ya kisasa, nami naona mtambo wao wa kwanza ulikuwa mtungi. Hawakuingoja kompyuta. Mwaka 1996 serikali yao, idara ya mazingira, ilichagua sauti 100 za nchi za kuhifadhiwa, sauti, si majumba, wamo nyenje wanaolia kwenye hekalu la Yamadera na barafu inayoelea bahari ya Okhotsk. Sisi hapa twahifadhi milango ya nakshi na ni vyema, lakini muuza kahawa akipita na dele lake akigonganisha vikombe, ile kling-kling kling, nani ameihifadhi? Zamani tukiwa barazani tulikuwa tukimjua ni nani kabla hajatokea kichochoroni, kila mmoja alikuwa na namna yake ya kugonga. Mmoja alikuwa agonga mbili za haraka halafu ananyamaza hatua tatu. Mpaka leo nkifumba macho namskia.

Kijana, mitungi ipo.

---

fundi_spika_majengo amejibu:

Mzee wangu shikamoo. Nimesoma huu ujumbe wako nkausoma tena kwa sauti kwa vijana hapa dukani.

Kuze ndugu yangu, hiyo ya vikombe ndio hai-hati yako, achana na za kununua. Na umeambiwa mpaka mpangilio, mbili za haraka halafu kimya hatua tatu. Ile krrr-krrr ya mbuzi ya kukunia nazi nayo ndio sheka (ile njuga ya kutikisa). Mtungi nao ndio melodi, manake kila tone lina noti yake. Ukiufukia kumbuka maji ya ndani yasiwe mengi, yakijaa mlio wafa.

---

mtoto_wa_kuze amejibu:

Nimerudi wadau, samahani nimepotea karibu wiki tatu, nilikuwa naifanya hii kitu.

Mtungi niliupata kwa nyanyangu Kisauni, ulikuwa na ufa mdomoni hautumiki tena. Nimeutoboa matako kwa msumari pole pole mchana kutwa, nkiogopa kupasuka, kisha nkachimba shimo nyuma ya nyumba chini ya mpera, nkatandika mawe na beseni la udongo lishike maji, nkaupindua mtungi juu yake nkafunika na kokoto. Siku ya kwanza nkamwaga maji, kimya. Yalikuwa yapita yote kwa mara moja, tundu lilikuwa kubwa. Nkaliziba nusu na nta. Nkamwaga tena kikombe kimoja, nkalala kifudifudi na sikio kwa kokoto.

Ting.

Halafu kimya kirefu mpaka nkadhani imeharibika. Halafu ting, tong. Nyanya alitoka akaniuliza nimeanguka? Nkamwambia njoo uskize. Magoti yamsumbua, kwa hivyo niliteremsha maiki kwenye kijishimo pembeni nkamvisha hedifoni akiwa kwenye kiti. Alikaa nazo kama robo saa hasemi kitu, kila nkitaka kuzitoa anizuia mkono.

Biti yenyewe sasa iko hivi: kiki ni ile glup ya mwamba, nilipata moja tu nzuri kati ya kama mia mbili. Sheka ni nyanya akikuna nazi, nilimuomba ruhusa. Vikombe nimerekodi kwa muuza kahawa mmoja Makadara, alikubali ila akataka nimskizishe kwanza, alipojiskia akagonga tena kwa umakini zaidi ikawa haifai, ikabidi ningoje mpaka asahau. Mtungi sikuupanga kwa mistari kabisa. Nimeuacha dakika nne kama ulivyodondoka, halafu ndio nkazunguka na dramu kuufuata, na palipo kimya nimeacha kimya. Bahari nimeitoa. Siiskii na siitafuti.

Shida iliyobaki ni moja, kati ya dakika ya pili na ya tatu pana uwazi. Nimejaribu sinthi (vinanda vya kompyuta) tatu, zote zaskika za kigeni, kama mtu ameingia na viatu msikitini. Nataka kitu cha nyuzi.

---

swabra_tudor amejibu:

Mzee wa Kibokoni, nafikiri umeitwa.

---

mzee_wa_kibokoni amejibu:

Nimeskia. Tashkota ya marehemu kaka yangu iko juu ya kabati, haijashuka tangu alipofariki. Jana nimeishusha nkaipangusa, vibonyezo viwili vimekwama na nyuzi moja imekatika, nimemtuma mjukuu Biashara Street aulize nyuzi. Njoo Alhamisi baada ya laasiri na hicho kirekodi chako na hiyo biti ya mtungi. Mimi si mpigaji kama alivyokuwa yeye, lakini yako mahadhi mawili nayakumbuka. Nipe kwanza niuskize mtungi peke yake, hiyo biti utanipa baadaye.